Kudura ya Mungu na Pedali Ngumu

Kila ajali kubwa ya basi inapotukia katika nchi yetu, maiti wakiisha kuzikwa na majeruhi wakiisha kulazwa hospitali, kauli mbili husikika midomoni mwa watu, moja nyuma ya nyingine: ya kwanza kwamba breki zilifeli, ya pili kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Kauli ya pili ni ya kweli, nami ninaiamini kwa moyo wangu wote. Ya kwanza nayo mara nyingi huwa ya kweli. Lakini zikiunganishwa, na ya pili ikafanywa kuwa jibu la ya kwanza, huzaliwa kauli ya tatu ambayo hakuna mwenye ujasiri wa kuitamka waziwazi, nayo ni kwamba Mwenyezi Mungu ndiye aliyeuona mpira wa breki ukichakaa akaupuuza, ndiye aliyeusikia ukivuja akanyamaza, na ndiye aliyewapakia watu hamsini ndani ya chombo hicho akakiamuru kiteremke mlima. Ni kauli hii ya tatu ninayotaka kuipinga, na ili niipinge sawasawa itanilazimu niingie kwanza chini ya boneti ya gari, kwa sababu mas'ala ya kadari yakizungumzwa bila ya kutazama kitu mahsusi huwa mepesi kupita kiasi, na kila mtu huondoka barazani na rai ile ile aliyokuja nayo.

Tabora ni mahali pafaapo kwa mazungumzo haya. Mji huu, ambao wasafiri wa zamani waliujua kwa jina la Kazeh, na ambao wasafiri wa Kiingereza, Burton na Speke, waliufikia mwezi wa Novemba 1857 wakapokewa kwa ukarimu na mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir, ulikuwa njia panda ya misafara: njia itokayo Bagamoyo ilifika hapa ikagawanyika, tawi moja likashika magharibi kwenda Ujiji na Ziwa Tanganyika, na jingine likaelekea kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Gari liondokalo Tabora leo kwenda pwani kwa njia ya Itigi na Manyoni hukatiza takriban pori lile lile ambalo wapagazi waliliita Mgunda Mkali, kwa ajili ya kiu yake na urefu wake. Mji uko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, katika nchi ya tambarare iliyojaa miombo na mizinga ya nyuki, na dereva aweza kwenda kitambo kirefu asiiguse breki ila kwa ajili ya mbuzi au kizuizi cha polisi. Kisha ardhi hukatika. Baada ya Manyoni, si mbali na Kilimatinde ya zamani, ndipo ulipo ukingo wa Bonde la Ufa, na safari huteremka kuelekea Bahi na Dodoma. Na kwa upande wa kaskazini, yeye atokaye Singida kuja Igunga hukabiliana na mlima wa Sekenke kabla ya kuzifikia mbuga za Wembere. Hitilafu iliyonyamaza katika tambarare husema mteremkoni.

Na tuitazame sasa hitilafu yenyewe. Pedali ya breki huugua kwa namna mbili zilizo kinyume. Ikizama bila ya ukinzani, mafuta ya breki yanavuja au hewa imeingia ndani yake, na dereva hushtuka papo hapo, kwa kuwa mguu umekosa pa kukanyaga. Ikiwa ngumu, hata mguu ukikazwa kwa nguvu zote haishuki ipasavyo, na gari likaendelea mbele huku dereva amesimama juu ya pedali, basi aghalabu mafuta yapo, nayo mabomba ni mazima. Kilichotoweka ni msaada. Aina hii ya pili ndiyo yenye hadaa zaidi, kwa maana pedali ngumu humfanya asiyejua adhani kwamba breki zake ni madhubuti, ilhali ugumu ule ndio ugonjwa wenyewe.

Msaada huo hutoka wapi? Kati ya pedali na masta silinda, isukumayo mafuta ya breki, pana chombo cha bati, kipana na cha mviringo, ambacho mafundi wetu hukiita busta, na ndani yake mna utando wa mpira unaotenga vyumba viwili. Injini ya petroli inapovuta hewa yake, huivuta pia hewa iliyomo ndani ya busta kwa kupitia mpira mnene wenye vali ya njia moja. Injini ya dizeli, ambayo haivuti kwa namna hiyo, hupewa pampu ya peke yake, na katika Toyota nyingi za dizeli za zamani pampu hiyo imefungwa nyuma ya alteneta. Vyumba vyote viwili hubaki vimepungukiwa na hewa. Dereva anapokanyaga, kijilango hufunguka na kuiruhusu hewa ya nje iingie katika chumba kimoja tu, na kwa kuwa chumba cha pili kimebaki na upungufu wake, uzito wa anga huulemea utando na kuusukuma mbele, sambamba na mguu. Hesabu yake ni ya kustaajabisha. Utando wenye kipenyo cha sentimita 25 una eneo lipatalo sentimita za mraba 490. Tofauti ya kanieneo kati ya vyumba ikiwa sehemu saba katika kumi za kilo kwa kila sentimita ya mraba, nguvu inayousukuma utando hukaribia uzito wa kilo 340. Hapa Tabora, kwa sababu ya mwinuko wetu, kanieneo ya anga ni pungufu kwa kadiri ya sehemu moja katika nane kuliko ile ya Dar es Salaam, na msaada wa busta hupungua pia.

Aliyevumbua msaada wa namna hii kwa ajili ya magari, katika miaka ya 1920, alikuwa Mbelgiji, Albert Dewandre. Lakini swali lililo nyuma yake ni la kale mno. Wanafalsafa walibishana karne nyingi kama utupu waweza kuwako: wafuasi wa Aristotle, na Ibn Sina miongoni mwao, waliukana, na wanazuoni wengi wa ilimu ya kalam, yaani ilimu ya itikadi, wakaukubali. Otto von Guericke, meya wa mji wa Magdeburg katika karne ya 17, aliziunganisha nusu mbili za tufe la shaba akaifyonza hewa iliyokuwa ndani, na farasi waliofungwa pande zote mbili wakashindwa kuzitenganisha. Nguvu iliyowashinda farasi wale haikutoka katika shaba. Ilikuwa ni anga, ambayo sote tumekaa chini yake tangu kuzaliwa na hatuihisi. Nguvu hiyo hiyo ndiyo inayolisimamisha gari, na mwenye kukanyaga hudhani ni ya mguu wake.

Hapa ndipo ninapoiona faida ya kulifikiri jambo hili kwa mizani ya dini. Imamu Abul-Hasan al-Ashari, aliyefariki mnamo mwaka 935, na ambaye itikadi yake ndiyo iliyoenea kwa Mashafii, pwani na bara, alifundisha kwamba vitendo vyote huumbwa na Mungu, na kwamba mja huvichuma tu: uwezo wa kutenda si milki yake, ila kuukusudia utendaji na kuuelekea ni kwake, na kwa hayo ataulizwa. Wapinzani wake waliliona fundisho hili kuwa fumbo lisilofumbulika. Walisema, ikiwa nguvu si yangu, hatia itakuwaje yangu? Pedali ya breki haithibitishi itikadi ya mtu yeyote, na hewa nayo ni kiumbe, wala haifai kuwekwa mahali pa Muumba wake. Hata hivyo kifaa hiki chatuonyesha kwa macho kwamba mambo hayo mawili yaweza kukaa pamoja bila ya kupingana. Mguu ndio uliochagua wakati wa kukanyaga. Anga ndiyo iliyosukuma, kwa nguvu inayouzidi mguu mara kadhaa. Na gari lisiposimama, hakuna hakimu duniani atakayeiita anga kizimbani, wala aliye na akili hatasema kwamba, madhali nguvu haikuwa ya dereva, dereva hana la kujibu. Bali hukumu huzidi kuwa nzito: aliyeazimwa nguvu isiyo yake ana wajibu wa kujua kama bado angali nayo.

Na njia ya kujua ipo, nayo haihitaji mitambo. Asubuhi, kabla ya safari, injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara kadhaa hata iwe ngumu. Kisha, bila ya kuondoa mguu, washa injini. Ikiwa msaada upo, pedali itashuka kidogo chini ya mguu, yenyewe. Isiposhuka, busta haipati upungufu wake wa hewa, au imekufa. Halafu izime injini baada ya kuiacha ingurume kitambo, ngoja dakika chache, ukanyage tena: mara ya kwanza na ya pili pedali yapasa kuwa laini, kwa kuwa vali imeuhifadhi upungufu ule ndani ya chombo; ikiwa ngumu tangu mara ya kwanza, vali haishiki au mpira unavuja. Ukisikia sauti ya kufyonza miguuni mwa dereva kila akanyagapo, na mngurumo wa injini ukabadilika papo hapo, utando umepasuka. Fundi mwenye subira huanza na vilivyo rahisi: huuchomoa mpira na kuukunja autazame, kwa maana joto la injini huukausha ukapasuka karibu na klipu, huipuliza vali kwa kinywa, ambayo yapasa kupitisha pumzi upande mmoja tu, huipima pampu ikiwa injini ni ya dizeli, na mwisho kabisa huifungua masta silinda kutazama kama mafuta ya breki yalipenya nyuma yakaula mpira wa utando. Ikiwa pedali inashuka vema pale injini inapowashwa, lakini gari bado ni zito kusimama, basi ugonjwa umo magurudumuni, ambako pistoni zimeganda, au padi zimeng'aa kwa joto, au mpira wa mafuta umeziba kwa ndani.

Liko tendo moja katika gereji zetu ambalo nitalisema kwa uchungu. Utando wa busta ukipasuka katika gari la petroli, injini huivuta hewa isiyostahili, ikawa inatetemeka na kukosa utulivu. Mwenye gari huja akalalamikia mtetemo, wala hataji breki. Basi fundi asiye na hofu ya Mungu huung'oa mpira wa busta, akaiziba tundu ya injini kwa kipande cha mti na raba ya tyubu, na injini ikatulia. Mwenye gari hufurahi, hulipa, huondoka. Kilichotengenezwa ni sauti. Kilichoondolewa ni msaada wote wa breki, na dalili iliyokuwa ikimwonya dereva imenyamazishwa. Sijui jina jingine la kulipa tendo hili isipokuwa hiana, na aliyelitenda hana ruhusa ya kulitaja jina la kadari siku ya msiba, kwa kuwa onyo lilikuja naye akaliziba kwa mkono wake.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kile kitabu cha tawakali kilichomo ndani ya Ihya yake, alizigawanya sababu katika daraja tatu: zile zilizo yakini, zile zenye kudhaniwa, na zile za kuwaziwa tu. Mwenye njaa asiyenyoosha mkono kukitwaa chakula kilicho mbele yake, akangoja Mungu amshibishe bila ya kula, huyo kwa Ghazali hakuwa mwenye tawakali bali mpungufu wa akili. Na kuziacha sababu zilizo yakini, kama kulala chini ya ukuta ulioinama au katika njia ya mafuriko, alikuhesabu kuwa ni jambo lililokatazwa. Nafasi ya kuacha hupatikana katika daraja ya mwisho, katika mazinguo na hila zenye natija isiyojulikana. Sasa na aulizwe kila mwenye chombo: mpira wa busta uliopasuka uko katika daraja gani? Hauko katika yale yenye kuwaziwa. Ni ukuta ulioinama. Ninasema hivi nikiwa na masikitiko, kwa sababu mara nyingi tumeipindua daraja ya Ghazali juu chini: hirizi hufungwa kwenye usukani, aya huandikwa juu ya kioo cha nyuma kwa rangi nzuri, na vali isiyozidi ukubwa wa kidole gumba huachwa bila ya kutazamwa. Dua ya safari ni jambo tukufu, na asiyeisoma amejinyima heri. Lakini dua ni ya kumwomba Mungu akamilishe juhudi, wala haikuwekwa ili isimame mahali pa juhudi iliyoachwa.

Wapo na madereva ambao, ili kubana mafuta, huizima injini mteremkoni wakaliachia gari katika frii. Injini ikizimwa, busta hubaki na akiba ya makanyagio mawili matatu, kisha pedali hugeuka jiwe, na katika magari mengi usukani nao huwa mzito. Wakristo watakumbuka habari iliyomo katika Injili ya Mathayo, jinsi Yesu alivyoshawishiwa ajitupe kutoka juu ya hekalu ili malaika wamdake, naye akakataa, kwa kuwa mja hamjaribu Mola wake. Waislamu watakumbuka hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, ya mtu aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila ya kamba na kumtegemea Mungu, akaamrishwa amfunge kwanza. Katika jambo hili Msikiti na Kanisa vina neno moja, na yeye aizimaye injini juu ya Sekenke kwa ajili ya nusu lita ya petroli analipinga neno hilo kwa mguu wake.

Nikizifikiri safari za kale za njia hii, huona tofauti moja ambayo yanipa hofu. Mpagazi wa Kinyamwezi, aghalabu mtu huru aliyechukua ujira, ingawa katika misafara mingine walikuwamo watumwa waliolazimishwa, alibeba mzigo wa frasila mbili, kilo zipatazo 32, miezi miwili mitatu au zaidi baina ya Unyanyembe, yaani nchi hii ya Tabora, na pwani. Uzito ule ulisema ukweli begani mwake kila hatua; hakuwa na njia ya kusahau alichokichukua. Kirangozi aliyetangulia mbele na bendera aliwaona wenzake kila alipogeuka, akajua nani amechoka na nani amebaki nyuma. Dereva wa leo amepewa roho nyingi kuliko alizopewa kirangozi wa misafara mingine, na uzito wao hauhisi kamwe, kwa sababu ustadi wa wahandisi umeuficha: usukani umesaidiwa, gia zimesaidiwa, breki zimesaidiwa. Siyalaumu maendeleo haya, nayashukuru; bila ya msaada ule mtu mwenye mwili wa kadiri asingaliweza kulisimamisha basi. Lakini uzito uliofichwa haukuondoka, na amana isiyohisiwa begani inambidi mtu aihisi kwa akili na kwa khofu ya Mungu, maana hakuna kiungo kingine kitakachomkumbusha.

Nitaambiwa kwamba dereva ni mtu maskini, kibarua asiye na mkataba, ambaye akisema gari ni bovu tajiri humpa mtu mwingine ufunguo jioni ile ile. Kwamba tajiri hutaka hesabu yake kila siku. Kwamba abiria wenyewe hupiga kelele gari likikawia gereji. Yote hayo ni kweli, nami simtwiki dereva peke yake mzigo wa wote. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikumsahau mwenye gari, na sheria ya Mungu haitamsahau. Tajiri aliyeambiwa kwamba pedali ni ngumu akajibu kwamba itafika tu, ameingia katika hatia kwa mlango mpana kuliko ule wa dereva, kwa sababu yeye alikuwa na hiari ambayo kibarua wake hakuwa nayo. Fundi aliyeziba tundu ameingia. Mkaguzi aliyelipitisha gari bila ya kuligusa ameingia. Hatia ikigawanywa kwa watu wanne, kila mmoja huchukua nzima, wala hapana robo.

Kwa hiyo ninawaomba maimamu wa Tabora na mapadri wa Tabora, ambao husimama mbele ya majeneza na kuwafariji waliofiwa, wasiache kusema kwamba ajali na mauti yamo mikononi mwa Mungu, kwani hilo ni kweli na wafiwa wanalihitaji. Lakini waseme pia, Ijumaa nyingine na Jumapili nyingine, pasipo msiba wala jeneza, kwamba kulikagua gari ni faradhi ya mwenye kulishika. Na wewe ndugu msomaji, ukiwa na gari, lijaribu kesho asubuhi kama nilivyoeleza, injini ikiwa imezimwa kwanza, kisha ikiwashwa huku mguu wako uko juu ya pedali. Pedali ikikataa kushuka, usimpakie mtu. Lipeleke kwa fundi unayemwamini, umwambie aanze na mpira na vali, nawe usimame hapo hapo mpaka umeziona kwa macho yako.